Amina ya Kanisa Zima

Taulo za kinyozi zilirudi nyumbani safi. Mama Pacha alizipokea kwa mumewe mlangoni, kama alivyozipokea kila jioni tangu waoane, akaenda nazo moja kwa moja uani kwenye beseni la maji ya sabuni. Akaikunjua ya kwanza ili akung'ute nywele. Hapakuwa na unywele. Akaikunjua ya pili, akainusa. Ilinukia pasi na jua, harufu ileile aliyoitia yeye mwenyewe asubuhi. Zote zilikuwa zimekunjwa pembe juu ya pembe, mkunjo wake, hakuna mkono mwingine uliozigusa.

Mtaani kwao kamba ya nguo ya Mama Pacha ilikuwa gazeti. Taulo zikibanana kambani, watu walijua kinyozi ameshinda amesimama. Zikiwa chache, walijua mvua imewafungia wateja majumbani. Lakini kamba haikuwahi kukosa habari. Mama Pacha aliyatazama mapovu yaliyokuwa yakimngoja, akatazama ukuta wa jirani, kisha akazitosa taulo zote majini, akazifua zilivyo safi, akazianika.

Mumewe alitoka akazikuta zikidondosha maji. Alisimama chini ya kamba, mkono wa kulia ukiwa mfukoni.

"Ulikuwa unafua nini?" aliuliza.

"Taulo."

"Zilikuwa na uchafu gani?"

Mama Pacha alimwaga maji ya beseni. Alikuwa na hasira zilizomfika kooni, lakini hazikuwa hasira za mumewe. Zilikuwa na mwenyewe, ng'ambo ya ukuta uleule, ambako cherehani ilikuwa ikilia kana kwamba hapakuwa na jambo lililotokea duniani.

Jambo lilikuwa limetokea jana yake, Jumapili, na halikutokea kwa umbea wala uzushi. Lingetokea kwa umbea, Mama Pacha angejua pa kulishika. Lilitokea kwa maombi. Mchungaji alikuwa amemwita mbele Fundi, yule mshonaji jirani, awaombee wagonjwa. Fundi alifumba macho, akawaombea wenye homa, akawaombea waliolazwa, kisha sauti ikaanza kumkatika.

"Na mkono wa ndugu yetu kinyozi, Bwana," alisema. "Mkono unaotetemeka siku hizi. Wewe unajua, Baba, wembe unapokuwa shingoni mwa watu. Utulize mkono huo, Bwana. Usiache damu ya mtu imwagike."

Kanisa zima likaitikia Amina. Ilikuwa Amina nzito, ya watu waliokubaliana, na baadhi ya wanaume waliitikia huku wamejishika shingo. Mama Pacha aligeuka kumtazama mumewe. Kinyozi hakuwa amefumbua macho, ila mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya goti, aliutia mfukoni mwa koti taratibu. Hakuutoa tena. Walipokuwa wakitoka, Mchungaji alimnyooshea mkono mlangoni, naye akampa wa kushoto.

Fundi na Mama Pacha walikuwa chanda na pete, na hili halikuwa neno la kusema tu. Katika kikundi chao cha akina mama cha kujifunza Biblia, kila mmoja alikuwa na mwenzi wa Neno, na kila mwaka ulipoanza wenzi walibadilishana Biblia. Wewe unasoma yake, yeye anasoma yako, hadi mwaka uishe. Nia ilikuwa nzuri: umjue mwenzako kwa mistari aliyoipigia alama, ujue ni wapi aliwahi kulia na wapi aliwahi kushukuru. Kila wiki walikutana mezani kwa Fundi, wakasukuma kando vipande vya vitambaa, wakasoma, na mwishoni kila mmoja akatoa ombi lake. Lililosemwa pale liliishia pale. Hapakuwa na haja ya kuapishana.

Hapo ndipo Mama Pacha alipotoa ombi la mkono wa mumewe. Alilia kidogo, Fundi akamshika bega, wakaomba. Alirudi nyumbani siku ile akiwa mwepesi, amekwisha kumtwika Mungu mzigo wake na kuutua.

Basi ndiye huyo! Kikulacho ki nguoni mwako, na wa kwake alikuwa ameketi kwenye pindo kabisa.

Wiki ile yote kinyozi alifungua duka kama kawaida. Alipangusa kioo, akapanga mikasi, akatia maji kwenye kichupa cha kunyunyizia, akaketi kwenye kiti cha wateja kwa sababu hapakuwa na mteja wa kukikalia. Watu walipita mlangoni wakamsalimia kwa bashasha ya kupita kiasi. Mzee mmoja, mtu wake wa tangu zamani, alisimama kizingitini akasema ameamua kufuga nywele kidogo. Mzee huyo alikuwa na upara.

"Hongera," kinyozi alimjibu. "Zikifika mabegani uje nikusuke."

Alimsimulia mkewe kisa hicho wakati wa chakula bila kucheka, naye hakujua acheke au alie. Kijiko cha mumewe kiligonga sahani kwa sauti ndogo isiyokoma. Kilianza kugonga miezi michache nyuma, na ilikuwa mezani hapo hapo, mchana, jua likiwaka, ambapo kinyozi aliweka kijiko chini akamwambia. Daktari amesema ni mishipa ya fahamu. Haitamuua, lakini haitaondoka. "Ila sikiliza," alimwambia siku ile, na uso wake ukawa wa mtu anayeonyesha kitu cha thamani. "Mkono unatetemeka ukiwa hauna kazi. Nikishika wembe, unatulia. Ngozi ya mtu ikiwa chini yake, unatulia kabisa. Sijamkata mtu hata mmoja." Kisha akasema, "Neno hili libaki kati yangu, wewe na Mungu."

Haya ndiyo aliyoyakumbuka Mama Pacha sasa, na kila alipoyakumbuka alizidi kumchukia Fundi. Mkono ulitetemeka kwa kukosa kazi, na Fundi amekwenda mbele ya madhabahu akauondolea kazi yote. Angejaribu kumweleza nani? Ungelaumuje sala? Mtu akikutukana utamjibu, akikusingizia utamshtaki, lakini akikuombea kwa machozi utasema nini, na wewe mwenyewe uliitikia Amina pamoja na wengine? Maana aliitikia. Mdomo ulijisemea wenyewe, kwa mazoea.

Alijaribu kusoma ili moyo utulie, lakini Biblia iliyokuwa nyumbani ni ya Fundi. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani. Kila ukurasa uliokuwa na neno la kufariji ulikuwa umepigiwa mstari kwa ile chaki ya buluu ya kuchoria vitambaa, na katikati ya kurasa mlikuwa na nyuzi zilizotumika kama alama. Alipofika kwenye zaburi ile ya mtu anayelia kwamba aliyemuumiza hakuwa adui, adui angemvumilia, bali ni rafiki yake mwenyewe, waliyekuwa wakienda naye nyumbani mwa Mungu wakizungumza, Mama Pacha alisimama. Na hapo pia palikuwa na buluu.

"Thubutu!" alimwambia kwa sauti mtu ambaye hakuwapo. "Hii ni yangu."

Akaisoma tena na tena, akiona kila neno limeandikwa kwa ajili yake. Ilimpa raha ya ajabu, raha ya kukuna kidonda.

Jumamosi ilikuwa siku ya Mchungaji. Kila Jumamosi, asubuhi na mapema, Mchungaji alinyolewa kwa kinyozi, na kila Jumamosi taulo moja ilirudi ikiwa na madoa meusi. Mama Pacha hakuwahi kuuliza, na kinyozi hakuwahi kusema. Mke wa kinyozi ana macho: ndevu za Mchungaji zilikuwa nyeusi tititi wakati nyusi zake zimeanza mvi, na madoa yale hayakuwa ya wino. Aliyasugua kwa ndimu miaka yote na akanyamaza. Masikio ya kinyozi ni kaburi, watu walisema, na Mama Pacha alijivunia kuwa mlinzi wa kaburi hilo.

Jumamosi ile taulo haikurudi na madoa. Kesho yake Mchungaji alipanda mimbarini akiwa amenyolewa. Mama Pacha aliijua kazi ya mumewe kisogoni kama anavyoujua mwandiko wake, na ule mstari uliopinda juu ya kola ya Mchungaji ulikuwa wa mashine ya mtu mwingine. Kidevuni, kwenye mashina ya ndevu, mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia. Huyo kinyozi mpya alikuwa ameaminiwa koo la Mchungaji, lakini siri yake bado. Na Mchungaji, katika hali hiyo, alihubiri juu ya kumtegemea Mungu hata pale usipoona njia. Alihubiri vizuri. Waumini walinong'ona kwamba huduma inamzeesha, maskini.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mchungaji alimuuliza Mama Pacha mlangoni, kinyozi akiwa amekwisha kutangulia nje.

Jibu lilikuja hadi kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa fupi, lilihusu ndevu, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu wa kutosha kulibeba hadi mtaa wa tatu. Mama Pacha alilimeza likamkwaruza koo.

"Anamshukuru Mungu," alisema.

Alasiri hiyohiyo alimwendea Fundi. Alimkuta amekunja goti mbele ya gauni lililovishwa sanamu ya kushonea, mdomo umejaa pini.

"Nimekuletea Biblia yako."

Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake. Hilo lilichukua muda, na wote wawili walisubiri liishe.

"Mwaka haujaisha, dada," alisema.

"Kwangu umeisha."

"Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

Fundi alijipangusa nyuzi kwenye gauni lake. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hilo Mama Pacha hakulitarajia, na lilimuudhi.

"Niliomba tu, dada. Mtu anakosa kwa kuomba?"

"Ulimwomba Mungu au uliutangazia mtaa?"

"Nililia machozi ya kweli."

"Machozi yako tumeyaona. Na wateja wameyaona. Baba Pacha anashinda amekaa kwenye kiti chake mwenyewe kama anangoja kunyolewa."

Fundi aliketi kwenye kigoda cha cherehani. Alizungusha gurudumu kidogo kwa kidole, sindano ikapanda ikashuka pasipo na kitambaa.

"Nitakwambia ukweli, uniue ukitaka," alisema. "Nilikusudia kumtaja mgonjwa tu, bila kusema ni nani. Kisha nikasikia kanisa limenyamaza. Wewe hujui ukimya ule. Mimi nikiongea watu hukohoa, hufunua vitabu, hutuliza watoto. Siku ile hakuna aliyekohoa. Nikamtaja kinyozi. Wakazidi kunyamaza. Ndipo nikatia wembe." Alifunika uso. "Nikatia na damu. Hata damu sijui niliitoa wapi."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa visingizio, si kwa hili. Alisimama na hasira zake mkononi asijue azitue wapi.

"Maji yamekwisha kumwagika," alisema mwishowe. "Nipe Biblia yangu."

Fundi alikwenda chumbani, akarudi nayo. Alikuwa ameishonea jalada la kitambaa kizito, lenye mfuko mdogo wa kalamu. Hakulitaja, alimkabidhi tu.

"Nitamwangukia Baba Pacha miguuni," alisema. "Linaloniuma zaidi ni yeye. Ulipotoa ombi lile nilijua amekuruhusu. Mwanamume kama yule, msiri vile, amkubalie mkewe anishirikishe mimi! Nilisema, basi ananihesabu ndugu. Na mimi ndivyo nilivyomlipa."

Mama Pacha alifungua mdomo. Cherehani, gauni, sanamu isiyo na kichwa, vyote vilikuwa vikimngoja aseme kitu, na hakikuja.

Fundi aliinua macho polepole. "Dada," alisema. "Hakukuruhusu?"

Mama Pacha alitoka bila kuaga.

Hakuingia ndani. Aliketi uani chini ya kamba tupu, akafungua Biblia yake mahali palepale pa zaburi ile. Kwake hapakuwa na alama yoyote. Karatasi ilikuwa safi kama siku aliyoinunua. Miaka yote aliipita zaburi hiyo kwa haraka kwa sababu hakuwahi kusalitiwa na mtu. Akasoma. Rafiki yangu niliyemwamini, mtu aliyezoeana nami. Alitafuta sauti yake katika maneno yale kama alivyoisikia juzi, asiipate. Sauti iliyokuwa ikisema ilikuwa ya kiume, ya chini, yenye kijiko kinachogonga sahani.

Ni nani duniani asomaye habari ya ndugu waliomuuza mwenzao akajiona miongoni mwa wauzaji? Sote hujikuta kisimani pamoja na kijana aliyetupwa, tukitazama juu. Mama Pacha alikuwa amejifunza Biblia tangu usichana, ameipigia mistari, amewafundisha wengine, na ndani ya kurasa zote hizo hakuwahi kushika nafasi nyingine isipokuwa ya anayeonewa. Alizilinda ndevu za Mchungaji miaka kwa miaka. Siri ya mkono wa mumewe haikumaliza hata wiki.

Alijiona mchafu. Alitamani awe na mtu wa kumlaumu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumsamehe Fundi nusu pale kwenye kigoda, kabla hajajua kwamba naye atahitaji kusamehewa.

Kesho yake saa za mchana alikwenda dukani. Kinyozi alikuwa kwenye kiti cha wateja, Biblia yake ndogo magotini, mkono wa kulia umekaliwa chini ya paja ili utulie. Alimtazama mkewe kupitia kioo.

"Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna. Ni mimi niliyemwambia Fundi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Amina. Sikuwa nimemwambia mwingine."

"Mbona hukuniuliza?"

Kinyozi alifunga Biblia. "Nilikuwa nangoja uniambie. Nikaona unafua taulo safi. Nikasema, basi, bado."

Mama Pacha alishika ukingo wa meza ya mikasi. "Ulisema kati yako, mimi na Mungu. Nilidhani namwambia Mungu."

"Mungu nilikuwa nimeshamwambia," alisema mumewe. Hakupandisha sauti. "Tulikuwa watatu, Mama Pacha. Huyo wa nne aliingilia mlango gani?"

Mama Pacha aliuachia ukingo wa meza. Alisema amekosa. Alisema bila kumtia Fundi ndani yake, wala Mchungaji, wala mapenzi yake ya kutaka mumewe apone. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Hakusema amemsamehe. Nje mtu alipita akasalimia kwa bashasha, wala hakupunguza mwendo.

"Ondoka hapo kitini," Mama Pacha alisema.

"Kwa nini?"

"Mteja amekuja."

Alivua kitambaa cha kichwa, akaketi. Kiti kilikuwa bado na joto la mumewe. Alijitandikia mwenyewe taulo mabegani, akashusha kichwa, akaonyesha kisogo chake chenye nywele fupi zilizoanza kuota ovyo shingoni.

"Ninyoe hapa."

Kinyozi alisimama nyuma yake. Kiooni alimwona anaunyoosha mkono kuichukua mashine, nao mkono ulikuwa ukitetemeka, zaidi ya alivyowahi kuuona, baada ya siku zote zile za kukaa bure.

"Kwa wembe," Mama Pacha alisema.

Mkono ulisimama hewani. Alimsikia akipumua. Kisha alisikia droo ikifunguliwa, povu likikorogwa kwenye kikombe, brashi ikigonga ukingo haraka haraka, tik-tik-tik, bila kukoma. Povu lilimpata shingoni, kidogo likamrukia sikio.

"Usiniombee ukiwa hapo," alisema mumewe.

"Siombi."

Alifumba macho. Vidole vya kushoto vya kinyozi vilimkaza ngozi chini ya sikio. Vya kulia vilikuja nyuma yake. Alivihisi vikitetemeka kabla havijamgusa, na moyo wake ukamdunda hadi akaogopa mumewe atausikia kupitia wembe. Baridi ya chuma ikamgusa. Ikatetemeka mara moja, mara ya pili. Kisha ikatulia. Ikashuka kwa mstari mmoja mrefu, ulionyooka.

"Inamisha kichwa," alisema kinyozi, kwa sauti ya upole na ya mbali, ile anayowaambia wateja asiowajua. Akakiinamisha.

Jioni alikung'uta taulo moja uani. Nywele zake mwenyewe zilianguka kwenye mchanga, nyeusi na nyeupe, na palikuwa na povu lililokauka, wala hapakuwa na tone la damu. Aliifua, akaianika katikati ya kamba, mahali pa kuonekana.

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilinyamaza. Kichwa cha Fundi kilichomoza.

"Dada," aliita kwa woga, macho kwenye taulo. "Leo amekuja mtu? Ni nani?"

Mama Pacha alivuta kitambaa chake cha kichwa kikashuka hadi kwenye kola. Ndani, kijiko kilikuwa kimeanza kugonga sahani. Mumewe hakuwa amemngoja. Hakuwa amemwambia neno tangu dukani.

"Muulize kinyozi," alimjibu, akachukua beseni lake, akaingia ndani kula.